Ogopeni Kile Kikombe cha Maji

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkusanyiko wa wazazi na vijana, kuhusu kutumia na kusafisha maikrowevu nyumbani. Wengi waliokosa kufika wameomba maneno yenyewe, nami nayaweka hapa kama yalivyosemwa.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, nawasalimu nyote kwa heshima. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari ya kisanduku cha jikoni.

Nianze na swali. Nani hapa anaiogopa maikrowevu? Inueni mikono, msione haya. Naam, mikono ni mingi. Sasa swali la pili: mnaogopa nini hasa? Nasikia "mionzi". Nasikia "saratani". Mama pale anasema "inaua chakula". Vizuri. Lakini sijasikia hata mmoja akisema "maji". Sijasikia hata mmoja akisema "mvuke". Wala sijasikia "mafuta yaliyogandia ukutani". Hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Tunakiogopa kisichotugusa, na kile kinachotuunguza tunakishika kwa mkono mtupu.

Tuanze na hiyo mionzi, tuimalize, tuendelee na mambo mazito zaidi.

Mwaka 1945, mhandisi wa Kimarekani aitwaye Percy Spencer alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Raytheon, jimbo la Massachusetts. Kazi yake ilihusu magnetroni, kile kifaa kinachotoa mawimbi ya rada. Shule aliiacha angali mdogo; mengi aliyoyajua alijifundisha mwenyewe. Siku moja, akiwa amesimama karibu na magnetroni inayofanya kazi, alitia mkono mfukoni akakuta kipande chake cha peremende kimeyeyuka. Hakuishia kufuta mfuko. Aliagiza punje za mahindi, akaziweka mbele ya kile kifaa, nazo zikapasuka zikawa bisi. Kisha likaletwa yai, na husimuliwa kwamba yai lile lilimpasukia usoni mwenzake aliyesogea kuchungulia. Likumbukeni yai hilo, nitalirudia.

Mwaka 1947 mashine ya kwanza ikauzwa, ndefu kama mtu mzima na nzito kiasi cha kilo 340. Ilichukua miaka 20 mingine, hadi 1967, ndipo watu wakapata ndogo ya kuweka juu ya meza na wakaanza kuinunua kwa ajili ya majumbani.

Inafanyaje kazi? Magnetroni inatoa mawimbi yanayogeuka mara bilioni 2.45 kila sekunde. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, hivyo wimbi likigeuka nayo hujigeuza kulifuata, ikigongana na jirani zake, na kugongana huko ndiko joto. Basi. Mawimbi haya ni ya ukoo mmoja na yale ya redio na simu. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi mwilini, hayakifanyi chakula kianze kutoa mionzi, na mashine ikizimwa yamekwisha papo hapo. Na wewe mama uliyesema inaua chakula: vitamini C hupotea kwa joto na hupotea kwa kuyeyukia kwenye maji. Mboga iliyopashwa kwa dakika chache na maji kidogo hubaki na vitamini sawa na iliyochemshwa kwenye sufuria iliyojaa maji, na mara nyingi hubaki nazo zaidi.

Kwa nini basi mawimbi hayatoki nje na kutuchoma? Utazameni mlango. Nyuma ya kioo kuna bati lenye vitundu vidogo vidogo. Wimbi la maikrowevu lina urefu wa sentimita 12 hivi, na kitundu hakifiki hata nusu sentimita. Ni kama chandarua: hewa inapita, mbu hapiti. Mwanga unapita, ndiyo maana unakiona chakula, lakini wimbi linarudi ndani. Pamoja na hayo, mlango una swichi zinazokata umeme pale pale unapoufungua. Marekani iliweka kanuni tangu 1971 kwamba kinachovuja kisizidi miliwati 5 kwa kila sentimita ya mraba, kikipimwa sentimita 5 kutoka kwenye mashine, kwa maisha yake yote. Ukisogea nusu mita, kinachokufikia kimepungua hadi karibu sehemu moja ya mia ya hicho.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sikusema mlango hauna umuhimu. Nasema mlango ndio ulinzi wenyewe. Mlango uliopinda, bawaba iliyolegea, kioo kilichopasuka, kitasa kinachofunga kwa kulazimishwa, au mashine inayoendelea kunguruma mlango ukiwa wazi: hapo ichomoeni kwenye umeme, na isitumike tena. Msiifunge kwa gundi. Msiiegemeze kiti. Isitumike.

Mionzi tumeimaliza. Twende kwenye kikombe.

Kijana mmoja, mtoto wa rafiki yangu wa miaka mingi, alitaka kahawa. Akajaza maji kwenye kikombe kipya cha kioo, akakiweka ndani, akabonyeza dakika tatu. Kengele ikalia. Akachungulia, maji yametulia tuli, hayana hata kipovu kimoja. Akaona bado hayajapata moto, akayaongezea muda. Alipoyatoa yalikuwa bado yametulia vile vile. Akachota kahawa, akatumbukiza kijiko. Maji yakalipuka yote kwa pamoja, yakamwagika mkononi, shingoni na kwenye kidevu. Yule kijana alipona, lakini mkono ulichukua muda mrefu, na alama anazo.

Kulitokea nini? Kwenye jiko la kawaida, moto unapiga kitako cha sufuria, na mikwaruzo ya sufuria inavipa vipovu mahali pa kuanzia. Maji yakifika nyuzi 100 yanatokota, unayaona. Ndani ya maikrowevu, kwenye kikombe laini kisicho na mkwaruzo, vipovu havina pa kuanzia. Maji yanapita nyuzi 100 na bado yametulia, joto likiwa limefungiwa ndani. Kisha unatia kijiko, unatia majani ya chai, au unakitikisa tu kikombe kwa kukinyanyua, na kipovu cha kwanza kinapata mwanya. Cha pili kinafuata, na cha elfu, kwa wakati mmoja.

Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Kweli, nyumba hayaichomi. Mtu je?

Kwa hiyo tufanyeje? Kabla ya kuyawasha, tumbukizeni kijiko cha mbao au kijiti safi ndani ya maji, kiwape vipovu mahali pa kuanzia. Wekeni muda mfupi. Yakikamilika, yaacheni ndani yatulie nusu dakika au zaidi kabla ya kuyagusa. Msiyarudishe mara ya pili kwa kuwa tu hamkuona vipovu. Na uso usiwe juu ya kikombe. Nawaomba sana vijana mshike hili, kwa sababu ninyi ndio mnaochemsha maji usiku wa manane mkiwa na haraka na usingizi.

Na lile yai la Spencer? Yai likiwa ndani ya ganda lake ni chombo kilichofungwa. Mvuke hauna pa kutokea, linapasuka. Wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba hata yai lililochemshwa na kumenywa, ukilipasha moto upya, linaweza kutulia hadi utakapoliuma, likakupasukia mdomoni. Yai zima halina kazi ndani ya maikrowevu. Viazi, soseji na chochote chenye ngozi au ganda, kichomeni kwa uma sehemu kadhaa kwanza. Chombo chenye kifuniko kiacheni na upenyo. Na mnapofunua bakuli lililotoka moto, inueni kwanza ule upande ulio mbali nanyi, mvuke uende huko. Mvuke unaunguza vibaya kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu unapogusa ngozi unarudi kuwa maji, na joto lote ulilolibeba unaliachia hapo hapo.

Sasa nasema na wenye watoto wachanga, na hapa sitapunguza makali. Maziwa ya mtoto yasipashwe kwenye maikrowevu. Najua usiku ni mrefu, najua mtoto analia. Lakini chupa inaweza kuwa vuguvugu kwa nje na maziwa ya katikati yakawa ya kuunguza koo. Mnashika chupa, mnaridhika, mnampa. Wekeni chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, isubirini, itikiseni, dondosheni tone kwenye kiwiko cha mkono mwonje joto lake. Ni dakika chache tu. Maziwa ya mtoto yasipashwe kwenye maikrowevu. Nimelisema mara mbili kwa makusudi.

Mbona maziwa yapate joto hapa na si pale? Hilo linatupeleka kwenye jambo ambalo nadhani ndilo linalotudanganya kuliko yote. Mawimbi yanapogonga kuta za ndani yanarudi na kukutana yenyewe kwa yenyewe. Mahali fulani yanaongezeana nguvu, mahali pengine yanafutana. Ndiyo maana sahani inazunguka. Tena hayazami mbali, ni sentimita mbili tatu hivi. Kilichoko ndani zaidi kinangoja joto lisafiri kutoka pembeni. Matokeo yake, kingo za chakula zinafuka moshi na katikati ni baridi.

Nina jirani mmoja, mtu mwenye mikono safi kuliko wengi ninaowafahamu, ambaye nyumba yake nzima iliumwa tumbo baada ya kula kiporo cha jana yake. Bakuli lilikuwa kubwa, limejazwa hadi juu, likapashwa mara moja bila kukorogwa. Juu palikuwa na moto, wakala. Vijidudu vilivyokaa katikati havikupata hata habari ya huo moto. Kiporo kinatakiwa kifike nyuzi 74 kila mahali, siyo pembeni tu. Kisambazeni kwenye chombo kipana, kifunikeni kwa kuacha upenyo, kisimamisheni njiani mkikoroge, kikitoka kiacheni dakika mbili joto lienee. Mwenye kipimajoto cha chakula akitumie, akitie katikati. Nyama iliyoyeyushwa barafu humo ipikwe hapo hapo, kwa sababu kingo zake zimeshaanza kuiva huku ndani ikiwa bado mbichi.

Vyombo nitavipitia haraka. Kioo kinachostahimili joto na kauri ni vizuri. Sahani yenye mstari wa dhahabu au fedha hapana, huo mstari ni madini na utatoa cheche. Karatasi ya aluminiamu hapana, vile viwaya vya kufungia mifuko hapana, gazeti hapana. Plastiki iwe ile tu iliyoandikwa kwamba inafaa kwa maikrowevu. Kopo la siagi au la aiskrimu lilitengenezwa kwa baridi, si kwa moto. Melamini, ile plastiki ngumu ya sahani, nayo muiache kabatini. Ukiwa na sahani ya kauri usiyoijua, iweke ikiwa tupu, na kando yake kikombe cha maji, washa dakika moja. Sahani ikiwa ya moto na maji bado baridi, sahani hiyo haifai humo. Msiiwashe mashine ikiwa tupu kabisa, maana mawimbi yasipopata cha kuyameza yanamrudia magnetroni na kumharibu.

Haya, usafi. Najua wapo waliofikiri hii ndiyo sehemu nyepesi. Sivyo hata kidogo. Kwangu mimi kusafisha ni sehemu ya usalama, na sielewi kwa nini vijitabu vingi huitupa mwishoni.

Dada mmoja aliniita kwake, mashine ilikuwa inatoa cheche na harufu ya kuungua. Alishakata tamaa, alitaka kuitupa. Nikafungua mlango. Ukutani upande wa kulia kulikuwa na kile kibati chembamba cha mika, yaani jiwe jembamba kama karatasi, si chuma, cha rangi ya kijivu, kikubwa kama kiganja. Wangapi hapa mmewahi kukiona? Wengi hudhani ni karatasi ya kiwandani iliyosahaulika, wakaibandua. Msiibandue! Nyuma yake ndipo mawimbi yanapoingilia, na kazi yake ni kuzuia mafuta na mvuke visifike kwa magnetroni. Cha yule dada kilikuwa kimerukiwa na mafuta mwezi baada ya mwezi, mafuta yakaungua yakawa mkaa, na mkaa unapitisha umeme. Cheche zilikuwa zinatoka hapo. Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Fundi alikata kibati kipya cha mika, akakibadilisha, ikaendelea kufanya kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndugu zangu, na ufa wenyewe hapa ni tone la mafuta ambalo kitambaa chenye unyevu kingeliondoa kwa sekunde kumi.

Kuna hasara nyingine pia. Uchafu wa ukutani unakula mawimbi yaliyokusudiwa chakula, kwa hiyo kila siku mnaupika upya, unagandamana zaidi, na siku moja unaweza kushika moto. Nao uliojibana kwenye ukingo wa mlango unauzuia mlango kukaa sawasawa. Tumeshasema mlango ni nini.

Njia yangu ni hii. Chukueni bakuli la kioo, tieni maji ya kikombe kimoja na vipande vya limau, au vijiko viwili vya siki. Tumbukizeni kijiko cha mbao; mnakumbuka kwa nini. Washeni dakika tatu hadi tano, kioo cha mlango kijae mvuke. Zimeni, na msifungue. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanafungua na mvuke wote unatoka. Acheni mlango umefungwa dakika tano hadi kumi, mvuke ulainishe uchafu. Kisha chomoeni plagi, toeni bakuli kwa uangalifu, na futeni kwa kitambaa laini: dari kwanza, kisha kuta, kisha chini. Dari husahaulika mno, na ndiko mafuta yanakorukia. Kibati cha mika kipapaseni tu, msikisugue, msikiloweshe. Ukingo wa mlango ufuteni pande zote mbili kwa kitambaa chenye sabuni kidogo.

Sahani ya kioo na ile pete ya vigurudumu chini yake toeni mwoshe kama vyombo vingine. Sahani ikiwa bado ya moto msiipeleke kwenye maji baridi, itapasuka. Na pete isisahaulike. Makombo yakiganda chini yake sahani inakwama, na sahani ikikwama joto halienei.

Visivyofaa: waya wa kusugulia masufuria, kwa sababu unakwaruza na kuacha vinyuzi vya chuma vitakavyotoa cheche. Dawa kali za kusafishia oveni. Kumwaga au kupulizia maji kwenye matundu ya hewa. Na siki msiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, maana mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu. Matundu ya nje yafuteni vumbi, na msiibane mashine ukutani wala kurundika vitu juu yake. Ipeni soketi yake yenyewe. Ile namba ya wati 800 au 1,000 iliyoandikwa mbele ni nguvu inayofika kwenye chakula. Kutoka ukutani inavuta zaidi ya hapo, na waya mwembamba wa kuunganishia unapata moto.

Moto ukiwaka ndani, mkono wako utataka kufungua mlango. Uzuie. Ukifungua unaupa moto hewa. Zima, chomoa plagi au kata swichi kuu, acha mlango umefungwa hadi moto ujifie wenyewe. Ukionekana kutoka nje ya mashine, toeni watu na mwite zimamoto.

La mwisho nawaambia hasa vijana wenye bisibisi na ujasiri. Ndani ya lile bati la nje kuna kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi umeme, inayoshika volti elfu kadhaa, na inaweza kubaki imejaa hata baada ya plagi kuchomolewa. Watu wamekufa kwa kuigusa, baadhi yao wakiwa na ujuzi wa umeme. Taa ya ndani imeungua na ili kuifikia lazima ufungue bati? Mpe fundi anayezijua mashine hizi. Mashine imekufa na unataka vipuri vyake? Usiifungue. Ya kwenu ikifika mwisho, kateni waya wake wa umeme baada ya kuuchomoa, asiye na habari asiiokote akaiwasha, na muipeleke panapopokelewa vifaa vya umeme vilivyochakaa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Naona yule mama wa mstari wa pili ameshika mkono juu tangu nilipotaja chupa ya mtoto. Karibu mama, tuanze na wewe.